Mvua ya Luilu

Marehemu Gichuru hakupatana kamwe na herufi mbili, L na R. Katika lugha ya kwao L haipo, kwa hivyo alipofundishwa kuandika aliipenda kama mtoto anavyopenda kitu asichopewa nyumbani, akaitia kila mahali. Barua ilikuwa balua, rafiki alikuwa lafiki. Ruiru, alikoishi na kufia, aliiandika Luilu, na mke wake Waithira akawa Waithila. Na huyu ndiye aliyekuwa karani wa mizani katika shamba la kahawa, kisha mzee wa kanisa! Watu walicheka, lakini walichekea kando, maana Gichuru hakuwa mtu wa kuchekwa usoni.

Alipokufa, mwaka wa hamsini na tano, alimwachia bintiye wa pekee, Wakonyo, mkebe wa biskuti wenye picha saba ndani. Sita hazina maneno: Gichuru na koti, Gichuru na kofia, Gichuru na wazee wenzake wa kanisa wamekaza nyuso kama wanaoumwa na meno. Ya saba ndiyo yenye habari.

Ndani yake wamesimama wanawake wawili vijana. Mmoja ni mrefu, ana kitambaa cheupe kichwani na mikono yake ni mitupu. Huyo ni Waithira, mama yake Wakonyo. Wa pili ni mfupi, amebeba mtoto mchanga, na huyo mtoto ndiye Wakonyo mwenyewe. Nyuma yao kuna vitanda virefu vya kuanikia kahawa. Ukiigeuza picha utakuta mwandiko wa Gichuru, herufi ndogo tupu, maana herufi kubwa nazo hakuzipenda: waithila na mbula, luilu, 1933.

Wakonyo alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza, "Baba, mbula ni nini?"

Gichuru akamjibu bila kupepesa macho, "Mbura. Si ni mvua? Siku hiyo ilinyesha."

Kwa Kikuyu mvua ni mbura, na kwa kuwa herufi za Gichuru kila mtu alizijua, swali likaisha. Na yule mwanamke mwingine je? "Huyo kibarua tu. Alikushika kidogo ili mama yako arekebishe kitambaa." Basi. Waithira na mvua. Likawa neno la utani pale nyumbani. Matone yakianza kupiga bati, Wakonyo humwambia mama yake, "Maitu, rafiki yako amefika," na Waithira hucheka mpaka ajishike kiuno. Alicheka, nakwambia! Miaka ishirini na zaidi, kila mvua ya masika na kila mvua ya vuli, mwanamke yule alicheka.

Sasa ni mwaka wa hamsini na nane. Wakonyo ameolewa na Macharia, fundi wa mashine katika kiwanda cha kutia mananasi mikebeni hapo Thika, na amejifungua mtoto wa pili, msichana. Kuhusu majina, Wakikuyu hawana mjadala. Binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, na kweli yule mkubwa wa miaka mitatu aliitwa Wamboi kama mama yake Macharia. Binti wa pili huchukua jina la mama ya mama. Kwa hivyo huyu mchanga alikuwa Waithira kabla hata kitovu hakijakatwa, na kule Ruiru nyanya yake alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba amezaliwa upya. Ubatizo ulipangwa kuwa Jumapili.

Wakonyo akaona amfanyie mama yake jambo la heshima. Jumatatu akaichukua ile picha ya saba, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwa Kiilu mpiga picha. Kiilu alikuwa na chumba kimoja chenye dirisha kubwa, kando ya barabara inayoingia Thika kutoka mashariki. Kazi yake kubwa siku hizo za Hali ya Hatari ilikuwa picha za pasi, maana hakuna aliyethubutu kutembea bila pasi, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kukuza picha za zamani. Ungempa picha ndogo kama kisanduku cha kibiriti naye akakurudishia mtu mzima.

"Nataka mama yangu," Wakonyo alimwambia. "Huyu mrefu. Umkuze peke yake nimtie kwenye fremu, nimpe Jumapili. Yule mwingine mkate."

Kiilu akachukua penseli na rula apige mstari wa kukatia. Lakini alikuwa fundi mwangalifu, hakati kitu kabla hajatazama pande zote mbili. Akaigeuza, akasoma.

"Basi Mbula ndiye nimkate?"

"Ati nani?"

"Mbula. Imeandikwa hapa. Waithila na Mbula."

Wakonyo akaangua kicheko. "Wacha, Bwana Kiilu! Hiyo ni mvua. Baba yangu alikuwa akichanganya herufi. Ona, Ruiru ameiandika Luilu."

Kiilu hakucheka. "Mama, mimi ni Mkamba," akasema. "Nina dada anaitwa Mbula. Nina shangazi anaitwa Mbula. Kwetu msichana akizaliwa mvua ikinyesha, hilo ndilo jina lake. Nimepiga picha miaka kumi na miwili, na watu huandika nyuma ya picha majina ya watu. Sijaona mtu akipigwa picha na mvua."

"Lakini ilikuwa ikinyesha."

"Wapi? Njoo uone." Akamsogezea kioo cha kukuzia. "Tazama vivuli. Vimejikunja chini ya miguu yao. Hilo ni jua la saa sita. Tena kali, wote wawili wamefinya macho."

Wakonyo akainama. Vivuli aliviona, lakini si vivuli vilivyomkata pumzi. Ni vile vitanda. Vilikuwa vimejaa kahawa, imetandazwa vizuri, haikufunikwa na chochote.

Huyu ni mtoto wa Ruiru, jamani! Amekulia kwenye kahawa. Anajua kwamba tone moja likianguka kengele hupigwa, na kila mtu, awe anakula, awe ananyonyesha, awe amelala na homa, hutoka mbio kuifunika kahawa kwa turubai, maana ikilowa imeharibika na kazi ya siku nyingi imekwenda na maji. Yeye mwenyewe alikimbia hivyo tangu ana miaka sita. Na picha hii ameitazama maisha yake yote, mara mia, mara mia mbili, kahawa iko wazi juani, na siku zote amesema ilikuwa mvua! Nani anaanika kahawa kwenye mvua? Alijisikia mjinga kutoka utosini hadi kwenye nyayo.

"Usimkate," akasema. "Wakuze wote."

Jumatano akarudi. Kiilu akamtandikia mezani karatasi kubwa kama sinia.

"Kuna kitu kimoja," akasema. "Hapa kifuani pa huyu mfupi kuna doa. Kwenye ile picha ndogo halionekani. Nilidhani ni uchafu, nikataka kulifuta kwa brashi na wino, lakini limo kwenye picha yenyewe."

Mtoto mgongoni alikuwa ameanza kulia kwa njaa. Wakonyo alipolitazama lile doa, alihisi baridi kwenye blauzi yake mwenyewe, akajitazama, akaona lake: duara jeusi, bichi, upande wa kushoto, mahali pale pale. Mtoto akilia, maziwa huja yenyewe. Hakuna kibarua anayeshikishwa mtoto wa mtu kidogo tu kisha akatokwa na maziwa. Akamtazama yule mrefu, Waithira. Gauni lake lilikuwa kavu, limenyooka kama shuka la hoteli.

Wakonyo akaketi kwenye kile kiti cha kupigia picha za pasi, akamnyonyesha mwanawe huku machozi yanamtiririka, na hayakuwa machozi ya huzuni. Yalikuwa ya hasira. "Nilikwambia umkate," akasema. "Kwa mdomo wangu huu. Mkate, nilisema!"

Kiilu akageukia ukutani, akajifanya anapanga karatasi.

Kabla ya kutoka, Wakonyo alimwomba amtengenezee nyingine kama ile aiweke dirishani, hapo mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu anayeingia Thika kutoka Ukambani ataiona, huenda mmoja akamtambua yule mfupi. Kiilu akasema ataiweka bure.

Alhamisi asubuhi alipanda treni, pasi yake mkononi, mtoto mgongoni, picha imezungushwa ndani ya leso. Kutoka Thika hadi Ruiru si mbali, lakini siku hiyo alipata muda wa kumkasirikia kila mtu aliyemjua, akianza na marehemu.

Alimkuta Waithira amekaa mlangoni anachagua maharagwe kwenye ungo. Bibi yule alipomwona aliruka kama msichana.

"Haiya! Waithira wangu amekuja! Niletee Waithira nimwone!"

Wakonyo hakumfungua mtoto. Alifungua leso, akailaza picha juu ya maharagwe.

"Maitu, huyu ni nani?"

Waithira alitazama. Alikuwa hajawahi kuuona uso ule ukiwa mkubwa hivyo tangu ulipokuwa hai mbele yake. "Si baba yako alikwambia? Kibarua wa..."

"Jina lake."

"Nani atakumbuka vibarua wa miaka yote hiyo, mwanangu?"

"Baba alikumbuka. Aliliandika. Na hilo ndilo neno la pekee katika maisha yake ambalo L ilikaa mahali pake, nasi tukamcheka!"

Waithira akaanza tena kuchagua maharagwe, akiokota pembeni pembeni mwa picha ili asimguse yule mwanamke. Aliokota mbovu moja, mbili, tatu. Kisha akaacha.

"Alikuwa mke wa pili wa baba yako," akasema. "Alikuja kutoka Yatta kuchuma kahawa. Mimi nilikuwa nimekaa miaka saba bila mtoto. Gichuru akapeleka mbuzi kwao, wakala, wakanywa, mambo yote yakafanywa kwa heshima. Sikumchukia, Wakonyo. Tulipika pamoja. Mzungu mwenye shamba ndiye aliyetupiga hiyo picha, ulikuwa na wiki tatu. Gichuru akatuandika sote wawili, maana wakati huo hakuwa na la kuficha."

"Halafu?"

"Halafu akataka kubatizwa. Wakamwambia mtu wa wake wawili habatizwi. Achague mmoja, mwingine arudi kwao."

"Akakuchagua wewe."

"Mimi nilikuwa wa kwanza. Tena nilikuwa wa hapa hapa."

"Na mimi je? Mimi nilichaguliwa na nani?"

Waithira alitazama mikono yake. "Wazee walisema mtoto ni wa baba yake. Ulikuwa na miezi minane. Kwenye cheti chako cha ubatizo wakaniandika mimi."

Miezi minane! Mtoto wa miezi minane anakaa, anacheka, anamjua mama yake kwa sauti tu akiwa bado nje ya mlango. Wakamnyang'anya, wakamwambia mama nenda kwenu, kisha jioni wakaimba nyimbo za Mungu. Wakonyo aliona hata picha ya Gichuru na koti lake la uzee wa kanisa, iliyotundikwa ukutani mle ndani, inamcheka. Akaingia akaigeuza, uso ukutani.

"Hakurudi?" akauliza. "Hata siku moja hakurudi kuniona?"

Hapo Waithira angeweza kudanganya tena. Kwa haki ya Mungu, hakudanganya. "Alirudi kila mwaka," akasema. "Yule mama wa vyondo."

Wakonyo akageuka kutoka kwenye ile picha.

Alimkumbuka vizuri mno. Kila msimu wa kuchuma kahawa alikuja mwanamke mfupi wa Kikamba, amebeba vyondo vya kuuza, vile vikapu vya kusuka, kichwani na mgongoni, akaketi karibu na mizani, na siku zote aliomba Wakonyo amletee maji ya kunywa. Aliyanywa polepole, macho yote kwenye uso wa msichana. Mwaka mmoja alimpa chondo kidogo chenye mistari myekundu. Gichuru akakitupa motoni, ati kina chawa. Na watoto wa shamba, Wakonyo akiwa mbele yao, ndio waliomfuata mwanamke yule njiani wakiiga matamshi yake, wakicheka mpaka kwenye daraja. Naye hakuwahi kugeuka kuwagombeza. Aligeuka mara moja tu, akatabasamu.

"Nilimcheka," Wakonyo akasema. "Mama yangu, nikamcheka! Na mlikuwa mmesimama pale mnatazama!"

"Gichuru alimwambia akifungua mdomo hatakuona tena. Mwaka ulioolewa ndio alikuja mara ya mwisho. Akaniuliza, msichana yuko wapi. Nikamwambia umeolewa Nakuru."

"Nakuru!"

"Nikaogopa."

"Nakuru, maitu? Mimi niko Thika! Kutoka Yatta kuja hapa mtu anapita Thika, hana njia nyingine. Alipita karibu na mlango wangu na mzigo wake kichwani, akaja mpaka hapa, ukamwambia Nakuru, akageuka akapita karibu na mlango wangu tena!"

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia. Waithira akasimama, naye sasa sauti yake ikapanda. "Nilikuogopea wewe! Nilikulisha uji na maziwa ya mbuzi kwa mikono hii, nikakesha na homa zako, nikakupeleka shule. Sikuzaa, Wakonyo. Mimi sina mwingine. Mtoto huyo asipoitwa kwa jina langu, nikifa nimekwisha, hakuna wa kuitwa Waithira baada yangu. Umekuja kuninyima hata hilo?"

Lilikuwa neno zito, na Wakonyo alilisikia uzito wake, maana alimpenda mwanamke huyu. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angependa sana siku hiyo asimpende.

"Wewe hukuzaa, ukapewa mtoto na jina," akasema. "Yeye alizaa, akanyimwa vyote viwili, na alipoulizwa ni nani mkasema ni mvua. Na wewe ukacheka, maitu. Kila nilipokwambia rafiki yako amefika, ulicheka."

"Ningefanya nini? Ningelia?"

"Ndiyo!" Wakonyo akapaza sauti. "Ungelia!"

Akaikunja picha. Waithira akasema kwa sauti kavu, "Ukimpa mtoto jina lile, usinitazamie kanisani."

"Basi usije," Wakonyo akajibu, akashika njia ya stesheni bila kuagana.

Macharia alisikiliza habari yote jioni hiyo akiwa ameshika tama. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kupenda mambo yapite kimya kimya, na nyakati zenyewe zilikuwa za kukaa kimya.

"Mchungaji ataomba cheti chako," akasema. "Cheti kinasema mama yako ni Waithira. Siku hizi mtu ambaye karatasi zake hazipatani na mdomo wake huulizwa maswali."

"Karatasi zangu zilidanganya kabla sijajua kutembea. Ziulizwe zenyewe."

"Na watu watasema tumempa mtoto jina la Ukambani."

"Waseme. Damu ya Ukambani anayo, atakosaje jina?"

Macharia akamtazama mtoto aliyelala, akakuna kichwa. Mwishowe akasema, "Jina hili ni la upande wako. Mimi langu nilikwisha kutoa." Kwa Macharia, hiyo ilikuwa hotuba.

Jumapili kanisa lilijaa. Waliobatizwa walikuwa watoto watano, na baada ya maji kila mama alipita mezani ili majina yaingizwe kitabuni. Mchungaji Gerishon alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri aliojivunia. Kila jina alilichora kama anadarizi kitambaa. Wakonyo alikuwa wa mwisho.

"Jina la ubatizo?"

"Loise."

Akaliandika. L yake ilikuwa nzuri kweli kweli, ina mkunjo juu na mkunjo chini.

"Na la nyumbani? Huyu ni wa pili, atakuwa Waithira."

"Mbula."

Mchungaji akainua uso. "Mbura?"

"Mbula."

"Ndiyo, Mbura," akasema kwa upole, akaandika. Wakonyo alisoma kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake wa meza. Mbura. Na R hiyo ilikuwa nzuri pia.

"Mchungaji, umeandika mvua."

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Nimesema Mbula. Kwa L."

"Dada, ni neno lile lile. Sisi na L na R..." Akatabasamu, na wazee waliokaa benchi la mbele wakatabasamu pia, maana kila mmoja alikuwa na kisa chake cha L na R.

Wakonyo hakutabasamu. "Si neno lile lile. Moja linanyesha. Jingine lilinizaa. Miaka ishirini na mitano watu wamekuwa wakiniambia ni lile lile, na mimi nimechoka. Mbula ni mama yangu. Futa uandike."

Macharia, aliyesimama kando yake, akatazama viatu vyake, lakini hakusogea hata hatua moja, na hilo tumpe. Mchungaji Gerishon akachukua cheti cha Wakonyo, akakisoma, akakiweka chini polepole.

"Hapa mama yako ni Waithira," akasema. "Baba yako marehemu Gichuru, mzee wa kanisa, ndiye aliyetoa majina haya. Siwezi kuandika nyanya ambaye hayumo kwenye karatasi yoyote kwa sababu wewe umeamka na hasira. Nani hapa anamjua huyo Mbula?"

Wakonyo akaishika leso yake. Picha alikuwa nayo humo ndani, lakini picha ilikuwa na jina nyuma yake lililoandikwa na mtu asiyejua herufi, na mbele yake doa la maziwa. Angemwonyeshaje mchungaji doa la maziwa, na wale wazee wa kiume wametoa macho? Akaona uongo utashinda tena, hivi hivi, kwa upole na mwandiko mzuri.

"Mimi namjua."

Sauti ilitoka nyuma kabisa, karibu na mlango. Waithira alikuwa amekuja na treni ya asubuhi, amevaa sweta lake la kijivu, na hakuna aliyemwona akiingia. Akaja mbele katikati ya mabenchi, taratibu, mkono mmoja ukishika migongo ya mabenchi.

"Alikuwa mke mwenzangu," akasema. "Yeye ndiye aliyemzaa huyu Wakonyo, si mimi. Mimi nililea. Andika L."

Mzee mmoja akakohoa. Mchungaji akashusha sauti. "Mama Waithira, unajua unalosema? Unamsema marehemu, mtu aliyesimama mbele ya Wakristo miaka ishirini."

"Najua alikosimama. Nilikuwa nimekaa karibu."

"Na mtoto basi hatakuwa na jina lako. Unalijua hilo pia?"

Waithira akatikisa kichwa kukubali. Akaonyesha kitabu kwa kidole, mara mbili.

Mchungaji Gerishon alikaa na kalamu hewani. Kuharibu ukurasa wake kulikuwa mtihani, hilo lilionekana usoni. "Nitaiandikaje ionekane?" akanung'unika. "Wino umekwisha kushika."

"L ya Loise umeiandika vizuri, mchungaji," Wakonyo akamwambia. "Weka hiyo hiyo."

Akakata R kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika L, kubwa, nyeusi, katikati ya herufi ndogo, kama mtu mzima aliyesimama katikati ya watoto.

Waithira alikuwa amefika mezani. Alinyoosha mikono yake miwili, mitupu.

"Nipe nimshike kidogo," akasema, "urekebishe kitambaa."

Wakonyo akamtazama. Kitambaa kichwani mwake mwenyewe, Wakonyo, kilikuwa sawa kabisa. Akamkumbatia Mbula kifuani, akageukia kitabu, akasimama pale pale akingoja wino ukauke kwanza.